Mpokea Salamu wa Ghala la Mbata

Mwana wa Bakari alinipigia simu nikiwa napepeta mchele. "Shikamoo, bibi," akasema. "Baba ametangulia mbele ya haki." Nilimwuliza Bakari yupi, maana hapa Tiwi ukiita jina hilo sokoni hugeuka nusu ya wanaume. Huyu ni mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, lakini akalitamka kwa aibu jina ambalo nadhani tangu utotoni alikanywa asilitaje mbele ya wageni: "Bakari Pembe." Niliweka ungo chini. Mchele wenyewe ulipikwa na mkwe wangu baadaye, ukiwa na chuya zake zote, na hakuna aliyethubutu kuniuliza. Niliketi pale barazani nikahesabu watu walio hai wanaojua kwa nini Bakari aliitwa Pembe, nikajikuta nimebaki peke yangu. Ndiyo maana naandika sura hii. Ya wazazi wangu na nyumba niliyozaliwa sitayagusa. Hayo yana wasimulizi wengi, na wengi wao ni waongo.

Mwaka ule wa Uhuru nilikuwa msichana wa kuchambua mbata katika ghala moja la barabarani, kusini kidogo ya Msambweni. Siku hizi pamebaki kuta mbili na mbuzi. Wakati ule lilikuwa jengo refu la mawe ya matumbawe lililoezekwa bati, lenye mlango mmoja mpana wa kuingilia malori, na ndani yake palikuwa na kiza kizuri cha baridi na harufu ya nazi zilizokaushwa, tamu kwanza, kisha ikikukaa kooni mpaka ukaichukia. Wanawake tuliketi mikekani upande wa dirisha, tukitenga mbata nyeupe na zile zilizoota ukungu. Mahamali, yaani wabeba magunia, walikuwa upande wa pili. Mchana tulikula chumba cha nyuma: muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, pilipili iliyotwangwa na ndimu, na chai ya tangawizi ndani ya birika ambalo mdomo wake ulivunjika zamani, likawa linamwaga chai upande. Mkubwa wetu alikuwa Bi Mishi, ambaye alikuwa na habari za watu wote na subira ya mtu hata mmoja hakuwa nayo. Kwake ndiko nilikosikia siasa. "Uhuru ukija," alikuwa akisema huku akichambua miiba, "mzungu ataondoka na kofia yake. Lakini nani ataziba bati hili linalovuja, hilo hawasemi." Mimi nilikuwa na sifa moja tu: sauti. Nikiita mtu kutoka mkekani, lori lililokuwa likiondoka lilisimama.

Foklifti ililetwa baada ya mvua za masika, juu ya lori kubwa, ikiwa imefungwa minyororo kama mwendawazimu. Hatukuwa tumewahi kuiona. Ilikuwa ya rangi ya manjano, fupi, nzito, na mbele yake vyuma viwili virefu vilivyolala sambamba. Bi Mishi aliitazama, akasema, "Mnyama huyu pembe zake zimeota chini." Basi vile vyuma vikawa pembe siku ile ile, na vikaitwa pembe mpaka ghala lilipofungwa, na dereva wake akabaki na jina hilo. Kazi ya mashine ilikuwa kuingiza pembe chini ya chaga, vile vitanda vya mbao vilivyopangwa magunia, kuziinua na kuzipakia lorini, kazi iliyokuwa ikivunja migongo ya mahamali. Dereva alikuwa mmoja wao. Bakari alipelekwa Kilindini kufunzwa, akarudi na ovaroli ya buluu na cheti alichokitundika nyumbani juu ya kitanda. Watu walifurahi, maana meneja mzungu alikuwa anafunga masanduku, na huyu sasa alikuwa mtu wetu juu ya mashine. Na alikuwa mtu mwema. Alikuwa mwembamba, mpole, na kwa salamu hakuwa na mfano: alikuulizia wewe, mama yako, kuku wako, na jino lililokuuma mwezi uliopita. Salamu hizo ndizo nusura zimwangamize.

Kilindini walimfunza kupiga honi kila afikapo mlangoni, ili aliye upande wa pili asimame. Lakini sisi watu wa huku honi tulikuwa tunaijua kwa maana moja tu: dereva akikuona njiani, akikupenda, anakupigia honi, nawe unainua mkono. Kwa hiyo Bakari alipopiga honi kuwafukuza watu, watu walikuja. Walitoka kila pembe ya ghala, mikono juu, "Aleikum salaam, Bakari!" na yeye, kwa jinsi alivyolelewa, hakuweza kuuacha mkono wa mtu ukining'inia hewani. Siku moja asubuhi alikuwa anakata kona ya mlangoni, akapiga honi. Mzee Rashidi, msimamizi wa mahamali, mtu wa makamo makubwa aliyemfundisha Bakari kubeba gunia, akatokea na mkono umenyooka. Bakari akaachia usukani ampe mkono. Mashine ile haigeuki kama motokaa. Magurudumu yanayokata kona ni ya nyuma, na ukiigeuza, makalio yake hutoka nje na kufagia kilichopo. Yalifagia. Nilisikia sauti ya Mzee Rashidi, ambayo haikuwa kubwa, kisha nikamwona Bakari amepiga magoti sakafuni, ameushika mguu wa mzee uliovunjika kwa mikono miwili, analia waziwazi mbele ya watu wote. Walimpeleka mzee hospitali, mfupa ukaungwa, akakaa nyumbani mpaka akaweza kutembea na mkongojo.

Bakari aliporudi kwenye usukani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amekula kiapo: injini ikiwaka, hatamjibu mtu, hatainua mkono, hatageuza uso. Macho mbele, mikono kazini. Sasa najua kwamba alikuwa na haki. Lakini wakati ule, na mahali pale, mtu kutoitikia salamu ya Mungu halikuwa jambo dogo. Kule chumba cha nyuma muhogo uliliwa kwa maneno hayo. "Kapewa kiti cha mzungu, kawa mzungu," alisema hamali mmoja. Bi Mishi akasema, "Mzungu mwenyewe alikuwa akitusalimu 'Jambo'." Mtu aliyekuwa akipanga kumwoza Bakari binti yake hakulitaja tena. Mahamali wakaanza kuzipanga chaga ovyo makusudi, magunia yameegemea upande, ili mashine ishindwe. Tulimngojea Mzee Rashidi arudi, tukidhani yeye mwenye mguu atatoa neno la kupoza mambo. Alirudi, akaketi juu ya gunia, akanyoosha mkongojo wake kuelekea kule mashine ilikokuwa ikinguruma. "Mguu nimemsamehe," akasema. "Mguu ni ajali, Mungu kapanga. Lakini nimeingia hapa asubuhi, nimemtolea salamu, kanipita kama jiwe. Hilo simsamehe."

Meneja mpya alikuwa Bwana Mutua, mtu wa bara, mchapakazi, mnyoofu, ambaye mpaka leo sina ubaya naye. Yeye jambo hili lilimshinda kabisa. Aliwakusanya watu mbele ya mlango, mikono kiunoni. "Hii maneno ya salamu mimi sielewi," akasema. "Mtu anaendesha mashine, nyinyi mnataka akuwe anasalimia? Salamu ni ya nyumbani! Sasa sikieni. Kama mpaka Ijumaa hamjasikizana, naleta dereva kutoka Mombasa, na huyu Bakari anarudi kubeba gunia." Nilimwangalia Bakari. Alikuwa anaitazama ovaroli yake, anaipangusa tope lisilokuwepo. Nilijua kile kiti kilikuwa na maana gani kwake. Hakuwa na shamba, shuleni alikaa kidogo mno, na hicho ndicho kitu pekee alichowahi kupewa kwa sababu aliweza. Nilimpenda. Nalisema sasa kwa kuwa mume wangu, Mwalimu, Mungu amrehemu, ametangulia, naye alikuwa akijua. Alikuwa mtu wa kujua mambo na kuyaacha yalipo.

Siku moja kabla ya ile Ijumaa, lori lilisimama mlangoni kupakiwa. Bakari alikuwa ameinua chaga juu kabisa, magunia yamefika usawa wa paa la lori, anayasogeza taratibu. Mzee Rashidi akajikongoja mpaka karibu na zile pembe, akasimama. Alikuwa amekuja kumpima, na kila mtu alijua. Akatoa salamu kwa sauti ya msikitini: "Assalaam aleikum, Bakari!" Kazi ikasimama ghala zima. Bakari aliizuia mashine palepale, mikono imekamatia usukani, shingo imekakamaa, macho yako juu kwenye magunia. Hakuweza kushusha maana mzee alikuwa chini yake, hakuweza kusogea, na kiapo kilikuwa mdomoni. Niliona jasho likimtiririka kwenye kidevu. Sijui nini kilinishika. Nilisimama mkekani, mbata zikanimwagika kutoka mapajani, nikapiga ukelele: "Aleikum salaam warahmatullah, babu! Bakari asema aleikum salaam! Asema hali yako, na mguu wako waonaje? Na asema pembe ziko juu, umwondokee!"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mzee Rashidi aligeuka polepole kunitafuta katika kile kiza. "We mwana, nani kakutuma?"

"Kanituma yeye, babu."

Ulikuwa uongo mtupu, na Bakari angeweza kuuvunja kwa kutikisa kichwa. Hakutikisa. Mzee alifikiri. Kwetu salamu iliyotumwa kwa mdomo wa mtu ni salamu kamili, haina kasoro, na aliyeipokea hana budi kuijibu. Nadhani aliupekua moyo wake akitafuta mlango wa kutokea, akakuta hakuna. "Basi mwambie," akasema, "mguu haujambo." Akajikongoja akatoka. Bakari akashusha chaga lorini. Ningependa kusimulia kwamba gunia liliporomoka papo hapo aliposimama mzee, watu wakashika vichwa vyao. Ingekuwa hadithi nzuri zaidi. Halikuporomoka. Lililala ndani ya lori kama mtoto, na tukarudi kuchambua.

Bwana Mutua alikuwa ameona yote kutoka ofisini. Alikuja akaniangalia kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Huyu msichana atembee mbele ya mashine," akasema. "Kazi yake ni kelele." Bi Mishi aliipasua leso yake ya zamani, nyekundu, akanifungia kipande kwenye fimbo, akaniambia nisimwaibishe. Ndivyo nilivyopata kazi ambayo sijawahi kusikia mtu mwingine akiwa nayo duniani. Nilitangulia mbele ya foklifti nikipunga leso, mlangoni na konani, na kila aliyetoa salamu niliipokea mimi kwa niaba ya dereva, kwa maneno yake yote na heshima yake yote, na mwishoni nikampa mtu habari ya pembe. "Marahaba, mama, Bakari asema mtoto kapoa? Kaa upande huu, anarudi nyuma!" Watu walizoea mara moja. Hakuna aliyekuja tena na mkono mbele, kwa sababu mkono wa kushikwa ulikuwa wangu, na mimi nilisimama mahali pasipo na hatari. Ile honi nikaiacha ilie, nami nikaitafsiri.

Kutoka pale mbele nilijifunza mashine kuliko waliosomea. Nilijua kwamba akitembea na mzigo pembe ziwe chini, usawa wa kifundo cha mguu; kwamba mzigo ukimziba macho arudi kinyumenyume, nami nizunguke nyuma; kwamba kwenye ule mteremko wa mlangoni mzigo uangalie juu, la sivyo utamtoka. Nilimfukuza kila aliyepita chini ya kilichoinuliwa, hata awe nani. Tukawa na maneno yetu. Nikisema "pembe ziko chini," maana yake ilikuwa mambo salama, pita, ongea, cheka. Mahamali wakayachukua wakayatumia kwa kila kitu. Mtu akigombana na mkewe aliambiwa shusha pembe. Mpaka leo wajukuu zangu wakipandisha hasira nawaambia hivyo, nao hudhani ni Kiswahili cha kawaida.

Lakini kilichonibakia zaidi ni jioni. Injini ikizimwa, pembe zikilala sakafuni, ufunguo ukitoka, Bakari alikuja chumba cha nyuma, akanawa, akaketi kwenye benchi chini ya lile dirisha dogo la barabarani. Nilimmiminia chai kwa lile birika kichaa. Naye akauliza, kila jioni bila kukosa, "Haya, Mwanatumu. Nani kanisalimu leo?" Nami nikamtolea. Mzee Rashidi kakusalimu, auliza dawa ya mbu. Dereva wa lori kakusalimu. Mama muuza mahamri kakusalimu, asema una deni la tabasamu. Aliitikia mmoja mmoja, taratibu, "Wa alaihi salaam. Wa alaiha salaam," kikombe mkononi, bila kuruka hata mmoja, maana zilikuwa zimemfikia na ilikuwa haki yake kuzijibu. Kisha yalianza majibu ambayo ningeyapeleka kesho yake. Bi Mishi alikuwa akiosha sahani kwa kelele, akisikiliza kila neno. Jua lilikuwa likiingia kupitia dirishani na kukaa juu ya ile leso nyekundu ukutani. Nimekula vyakula vizuri tangu hapo, nimeketi kwenye viti vya mito, lakini nikiulizwa furaha ilikuwa wapi, ilikuwa kwenye benchi lile.

Uhuru ulikuja. Asubuhi ile ghala zima lilikuwa halijalala, limejaa nyimbo, na Bwana Mutua aliyekuwa amevaa tai alitaka bendera ifungwe juu ya mlango. Akaikumbatia, akakanyaga juu ya pembe, akaamuru ainuliwe. Bakari akachomoa ufunguo akautia mfukoni. Injini ilikuwa imezimwa, kwa hiyo angeweza kujibu mwenyewe, lakini alinitazama mimi, na nikaona macho yake yanacheka. "Bwana Mutua," nikasema kwa sauti ya kazi, "Bakari asema hongera ya Uhuru, wewe na nyumba yako. Na asema mtu hapandi juu ya pembe, hata leo." Bwana Mutua alisimama pale na bendera yake kifuani, watu wakimtazama. Kisha akashuka, akasema, "Leteni ngazi." Mzee Rashidi ndiye aliyeishika ngazi ile chini, mkongojo ameuegemeza kwenye mashine.

Mwaka uliofuata nilichumbiwa na Mwalimu wa Tiwi. Alikuwa mtu mzuri, watu wangu walimpenda, na Bakari hakuwa amesema neno lolote ambalo msichana angeweza kulingoja. Siku yangu ya mwisho niliitundika leso ukutani nikamimina chai. Akauliza, "Haya, Mwanatumu. Nani kanisalimu leo?" Nikawataja wote, naye akawajibu wote. Kisha nikasema, na sauti yangu maarufu ilikuwa imekwenda wapi sijui, "Na Mwanatumu pia kakusalimu."

Bi Mishi aliacha kuosha sahani.

Bakari alizungusha kikombe mkononi, akakizungusha tena. "Hiyo," akasema, "nitaacha ikae. Nikiijibu itakuwa imekwisha. Mungu atanisamehe." Akanywa chai yake, akaniaga kama wanavyoagana watu wa kazi, akaondoka.

Tulionana baadaye, harusini na matangani, kwa miaka mingi, yeye na mkewe, mimi na Mwalimu. Tulisalimiana kama watu wote, yeye akiulizia mama, kuku na jino. Lakini ile moja hakuijibu, wala sikuidai.

Baada ya ile simu nilifika Msambweni, wanaume walipokuwa wamekwisha inua jeneza. Nilikaa na wanawake kidogo, nikampa pole mjane, ambaye alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko desturi. Watu walipotawanyika nilimwomba mwana wa Bakari anipitishe njia ya makaburini. Alisimama penye ukuta wa makaburi, akawatolea salamu waliolala, kama inavyopaswa. Wafu hawajibu, au wakijibu hatusikii. Mtoto yule mwenye mvi alikuwa analia bila sauti. Nilisogea mpaka kwenye ule ukuta wa matumbawe, nikavuta pumzi, nikatumia sauti ya ghala, hata mbuzi wakainua vichwa.

"Aleikum salaam, mwanangu," nikamwambia. "Baba yako asema aleikum salaam, asema usilie."

Kisha nikageukia kaburi, na safari hii nikasema polepole, maana salamu hiyo ilikuwa yangu. "Na Mwanatumu, Bakari asema aleikum salaam. Asema imefika. Asema pembe ziko chini."